Ufagio wa Zainabu na Nyayo za Viboko

Zainabu amefagia ufukwe ule wa Ziwa Tanganyika, karibu na mji wa Baraka, tangu aliporudi kutoka ukimbizini Kigoma, na hiyo ni miaka kumi na minane sasa. Kila jioni, ndagala, wale dagaa wa ziwani, zikishakauka na kukusanywa, yeye na wenzake husawazisha mchanga ili kesho wapate pa kuanika tena. Kila asubuhi, kabla mitumbwi haijafika na samaki, Zainabu huusoma ule mchanga. Ndiyo, huusoma. Viboko hutoka ziwani gizani kwenda kula majani, na juu ya mchanga uliofagiwa hawana siri: huyu ni dume mzee anayeburuta mguu, huyu ni mama na mtoto wake, hapa walitoka, pale walirudi majini. Asiyejua hayo ataanika samaki katikati ya njia yao, na kesho yake atalia.

Basi shirika moja la utalii la Bukavu likaandaa safari yake ya kwanza ya kuona viboko wa Tanganyika na kutembelea kijiji. Zainabu alimwendea kiongozi wa msafara, bwana Déogratias mwenye kofia pana, akamwomba awape wanawake wa ufukweni asubuhi nzima na wageni. Déogratias akampa robo saa, tena mwishoni, kabla ya kupanda gari. Robo saa! Huo si muda wa kutembelea watu, ni muda wa kuomba choo. Zainabu alimeza hasira yake, maana shirika lilishasema wazi kwamba safari hii ikiharibika hakutakuwa na nyingine, na yeye ndiye aliyewabembeleza wenzake wiki mbili wakubali kupokea wageni.

Siku ilipofika, aliona nyayo mbichi za mama na mtoto zikielekea kwenye matete, pale kijito kinapoingia ziwani. Akachomeka vijiti pande zote mbili za nyayo, akamkataza kila mtu kuanika hapo. Jirani yake Yasmina, ambaye nafasi ile ilikuwa yake, alikuja juu.

"We Zainabu, uko na wazimu? Jua iko inawaka, samaki yangu ioze juu ya miguu ya kiboko?"

"Dada, nakuomba, leo tu. Uanike kwangu."

Yasmina akaanika kwa Zainabu, na Zainabu siku hiyo hakuanika kitu.

Huko ziwani mashine ya mtumbwi wa wageni ilinguruma tangu alfajiri. Saa nne walirudi, nyuso zimeiva kwa jua, hawajaona hata sikio. Madame Constance, mwalimu mstaafu aliyekusanya kundi lile, alishuka bila kumtazama Déogratias.

"Hatukutoka Bukavu kuya kuangalia maji," alisema. "Tupande gari, turudi."

 Zainabu akasogea mbele na ufagio wake mkononi.

"Karibu sana, Mama. Muliangalia mbali. Sasa muangalie hapa chini."

Constance akainama. Nyayo kubwa, na kando yake nyayo ndogo zinazokimbia ili zisiachwe. Akazifuata hatua tatu, kisha nne, akasahau gari.

"Beko wapi sasa?"

"Beko fasi yabo, mu matete. Mashine inabaogopesha. Tuende polepole, na hakuna kusema."

Zainabu aliwapandisha kwenye ukingo wa juu, mbali kidogo na matete, mahali ambapo kiboko hawezi kupanda. Wakakaa. Muda ukapita, Déogratias akatazama saa yake mara mbili. Kisha maji yakafunguka, mama akatoa kichwa akapumua kwa kishindo, na mtoto akamparamia mgongoni, akateleza, akaparamia tena. Constance alishika mkono wa Zainabu akaubana. Déogratias alivua kofia yake. Zainabu hakuwatazama viboko hata kidogo, aliwatazama watu, na furaha ikamjaa hadi machozi yakamtoka.

Gari lilingoja mpaka jioni. Wageni walikula bukari, ugali wa huko, na ndagala kwa mikono, wakageuza samaki juani, wakauliza habari za yule dume anayeburuta mguu. Jua lilipolegea, Constance aliomba ufagio, akafagia vibaya, wanawake wakamcheka, naye akacheka zaidi yao.

Déogratias alimjia Zainabu na daftari.

"Mama, programu tuandike namna gani?"

"Uandike kijiji kwanza. Viboko, sisi tutabaonyesha."

Akaandika hivyo hivyo.

Mwezi uliofuata, asubuhi ambayo kundi la pili lilikuwa njiani, Zainabu alichelewa kidogo. Alipofika alikuta vijiti vimeshachomekwa kandokando ya nyayo, na Yasmina amesimama katikati, ufagio begani.

"We Zainabu, usikanyage hapo! Bageni banakuya."