Faili la Mpiga Obokano

Siku yangu ya kwanza katika masjala ya siri ya wilaya, mjini Kisii, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Karani Mkuu alinikabidhi kalamu ya wino mwekundu na onyo moja.

"Nyaboke, hapa tunahesabu karatasi. Hatuzisomi."

Kila karatasi katika faili ilikuwa na nambari yake, tuliyoiita folio, na kila mwaka tulizihesabu kuhakikisha hakuna iliyonyofolewa. Nilikuwa hodari kweli, msinicheke.

Miaka ikapita, tukaamriwa kupakia mafaili ya enzi ya mkoloni yapelekwe hifadhi ya nyaraka, Nairobi. Yalikuwa yametimiza miaka thelathini, kwa hiyo mwananchi yeyote angeweza kuyasoma. Habari zilifika hadi kijijini Marani. Asubuhi moja akaingia Mama Kerubo akijikongoja kwa fimbo, binti wa marehemu mpiga obokano, kile kinubi chetu cha nyuzi nane. Baba yake alivuma Kisii na Nyamira nzima.

"Mwanangu, tata, baba yangu, alikuwa anaitwa boma kwa wakoloni kila Ijumaa na jioni anaachiliwa. Watu wakasema anauza wenzake. Mpaka leo sokoni mimi ni mtoto wa msaliti. Nataka kujua kabla sijakufa."

"Akasome Nairobi," Karani Mkuu akasema.

"Mzee, na miguu hiyo?" Sikuwa nimewahi kumjibu hivyo.

Karani Mkuu akamvutia mama kiti. "Basi msomee wewe. Hapa mbele yangu."

Nikalifungua faili. Folio ya kwanza: mwimbaji achunguzwe, nyimbo zake zinapinga kodi. Ya pili: ameitwa, ameulizwa majina ya wenzake, amekataa. Ya tatu: amekataa. Nilisoma Kiingereza nikifasiri kwa Ekegusii, Ijumaa baada ya Ijumaa, sauti ikipanda bila mwenyewe kujua. Ya kumi na tisa: amechapwa, amekataa tena.

"Rudia hapo," mama akasema. Nikarudia mara tatu. Karani Mkuu alivua miwani, akainakili folio ile kwa mkono wake na kuigonga muhuri.

Sabato iliyofuata nakala ilisomwa kanisani Marani, na wazee waliomkwepa mama miaka yote wakapanga foleni kumpa mkono. Nilipopata habari nilirukaruka masjalani kama mtoto.

Sasa nimestaafu, nachuma majani chai Nyamira, na furaha ile bado hunijia. Ila kuna jambo sikumwambia mama. Faili lile nililihesabu kila mwaka bila kulisoma: karatasi arobaini na mbili, kamili. Nikatia sahihi, nikalirudisha kabatini, naye akaendelea kuitwa mtoto wa msaliti kila siku ya soko.