Sema ya Mwenzako Kwanza

Mke wangu Kerubo anafundisha madaktari watarajiwa hapa Durban, na ana sheria moja iliyonitesa miaka yote ya ndoa yetu. Kwake hakuna kujibu hoja ya mwenzako kabla hujaieleza upya, mpaka yeye akubali: ndiyo, ndivyo nilivyosema. Hebu jaribu kugombana na mwanamke wa namna hiyo! Unaanza ukiwa umekasirika, unamaliza ukimtetea.

Kila Jumamosi wanafunzi wake huja kwetu Westville kujadili sera za afya. Mimi napika chapati huku nanung'unika. "Waache wasome mapafu," namwambia. "Siasa ya nini?"

"Baba Nigel, kuna watu wanaoamua nani aingie kliniki na nani abaki nje. Daktari asipojua kuongea nao, atamtibu nani?"

Jumamosi moja mjadala haukuwa wa mazoezi tu. Kamati ya afya ya mkoa ilikuwa imeita watu ukumbini Alhamisi watoe maoni: je, wageni waendelee kutibiwa katika kliniki za umma? Deborah, msichana wa Kikongo wa mwaka wa tano, ndiye aliyechaguliwa kuzungumza. Mama yake, Élisabeth wa Greyville, ana presha. Watu waliokuwa wakisimama langoni mwa kliniki na kudai vitambulisho walimrudisha mara mbili, na dawa zilikuwa zimemwishia.

Kerubo akampanga na mwanafunzi mwenzake Cathy, mwenyeji wa Umlazi, ambaye bibi yake alipanga foleni tangu alfajiri akarudi bila dawa. Cathy akasema waziwazi: wenyeji kwanza. Deborah akatakiwa kuieleza hoja hiyo. Akagoma.

"Siwezi, Mwalimu. Hayo ni maneno ya waliomfukuza mama."

"Muache mtoto wa watu!" nikafoka kutoka jikoni, chapati ikaungua.

Kerubo alipiga magoti mbele ya yule binti, akamshika mikono. "Mwanangu, Alhamisi ukumbi utajaa watu haohao. Wasipoona kwamba umewasikia, hawatakusikia. Na mimi nataka sana wakusikie."

Deborah akafuta macho, akasema kana kwamba yeye ndiye Cathy. "Bibi yangu alifika kabla ya jua. Akarudi mikono mitupu. Ndiyo maana nawachukia wageni."

"Sikusema nawachukia," Cathy akamkatiza. "Nilisema nimechoka kumwona bibi akilia."

"Rudia," akasema Kerubo.

Akarudia, na akarudia tena, mpaka Cathy akaitikia kwa kichwa huku akijifuta machozi: ndiyo, ndivyo nilivyosema. Eish, hata mimi nilijifanya natafuta chumvi.

Alhamisi nilimleta Mama Élisabeth ukumbini, tukaketi nyuma. Watu walianza kuzomea kabla Deborah hajafika kwenye kipaza sauti. Yeye akaanza na bibi wa Umlazi: foleni, rafu tupu za dawa, machozi. Kelele zikapungua. Mwanamke mmoja wa mbele akashusha bango lake ili aone vizuri.

"Sasa," Deborah akasema, "naomba niwaeleze kuhusu mama yangu."

Mama Élisabeth hajui Kiingereza. Akanivuta shati. "Papa Nigel, mutoto iko nasema nini?"

"Anasema wewe ni mgonjwa kama wagonjwa wengine. Wakuache uingie upate dawa."

Akawatazama watu wale, safu kwa safu. "Na bale, banamusikia?"

"Wanamsikia, mama."

Akanishika mkono kwa nguvu. "Basi asimalize mbio, aseme yote polepole," akasema.