Bunduki ya Mti Iliyokatwa Upande wa Pili

"Sikuharakisha, mama. Nilimwambia kila kitu, na urefu nilimpimia kwa mkono wangu mwenyewe."

"Ulimwambia," mama akasema. "Lakini fundi alipokuuliza, ulimjibu?"

Hapo aliniweza, kwa hivyo nikapandisha sauti. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko na bunduki ya mti niliyoichukua kwa fundi mchana ule, ingali na vumbi la msasa. Mama alikuwa akitwanga kisamvu, viganja vyote kijani, na hakutaka kuishika. Aliitazama tu, kutoka kitakoni mpaka ncha ya mtutu, akarudi kwenye kinu chake.

"Imekosewa," nikasema. "Ni fupi, halafu imekatwa upande wa pili. Kesho namrudishia."

"Mti ukishachongwa hauoti tena, mwanangu. Utamrudishia nini?"

Nieleze kwanza kwa nini tulitaka bunduki isiyolia. Shamba letu liko Mkongani, na upande wa juu limepakana na msitu. Nyani hushuka jua likishapanda kidogo, na wao wajua kutofautisha watu. Mwanamume akitokeza tu, kundi zima latimua mbio. Mwanamke hata apige debe mpaka lipasuke, yule dume mkubwa hukaa juu ya kichuguu akamtazama, huku wenzake wanavunja mahindi. Wanawake wote wa kwetu walilijua jambo hilo, na sikumsikia hata mmoja akilifanyia mzaha.

Baba alipokuwa hai, yeye ndiye aliyelinda. Alipofariki, mama alikaa eda ndani miezi minne na siku kumi, na nyani wakala msimu mzima. Nilijaribu kuvaa koti la baba na kofia yake. Siku mbili walikimbia. Siku ya tatu yule dume alinisogelea mpaka nikayaona meno yake yote, na aliyekimbia ni mimi. Mwaka ule tulikula kwa kupewa, na mama ni mtu ambaye kupewa kwamuuma kuliko njaa yenyewe.

Sasa mahindi ya msimu mwengine yalikuwa yameanza kutoa ndevu, na mimi nilikuwa na barua ya kuitwa chuo cha uuguzi kule Msambweni. Siku ya kuripoti ilikuwa Jumatatu. Nisiporipoti, nafasi angepewa mwengine. Mama kila siku alinambia, "Wewe nenda, mimi nitalinda." Nami nilijua hawezi kulinda hata gunzi moja. Yeye pia alijua. Tulikuwa tukiambiana hivyo tu kila siku, kisha tunashuka shamba wote wawili.

Ndipo nikamkumbuka fundi wa Kombani, nyuma ya soko. Tangu ujana wake alikuwa akitengeneza bunduki za kweli, kwanza za wawindaji, halafu za wenye mashamba waliokuwa na vibali. Siku hizi achonga mipini ya majembe na miguu ya vitanda, lakini watu bado wamwita fundi bunduki.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Keti."

"Sina muda wa kuketi. Nataka bunduki ya mti, ndefu kama ya askari wa msitu, nyeusi, nyani waione kwa mbali."

"Itashikwa na nani?"

"Na sisi."

"Sisi ni watu wangapi?"

"Fundi, si mti tu? Wewe nichongee."

Akamgeukia mzee mwenzake aliyekuwa amekaa pale akinywa kahawa. "Huyu akiolewa, harusi itakwisha na pilau haijaiva." Wakacheka. Mimi nikanyoosha mkono, nikamwonyesha: kutoka begani kwangu mpaka kwenye ncha za vidole, na zaidi. Nikaondoka kabla hajauliza la tatu.

Siku ya kuichukua alikuwa msikitini, nikaichukua kwa jirani yake. Sikuijaribu mpaka nilipofika nyumbani. Kitakoni palikuwa na kibonde cha kulaza shavu, kazi safi kabisa, lakini nilipoiweka begani kile kibonde kiliangalia nje, na ukingo wa mti ukanichoma taya. Halafu ilikuwa fupi kwa shibiri nzima. Wala haikupakwa rangi.

Basi kesho yake niliizungushia mkeka, nikapanda boda. Jamaa wa boda akanambia, "Dada, mua huo nikatie pingili moja." Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno.

Fundi alikuwa akipiga randa. Nilimwamkia haraka haraka, nikafungua mkeka.

"Fundi, mimi si niliagiza ndefu?"

"Uliagiza."

"Na nyeusi?"

"Nyeusi sitatia mimi, na wewe usitie. Askari wa msitu akiiona kwa mbali atadhani ni ya kweli, na ya kwake yeye yalia. Isitoke nje ya shamba, wanisikia?"

"Haya, na huku? Hiki kibonde kwa nini kiko upande wa kosa? Hebu angalia!" Nikaiweka begani, nikamwonyesha inavyonichoma. Nilikuwa karibu kulia kwa hasira, maana Jumatatu ilikuwa imebakia siku nne.

Aliweka randa chini. "Kwani ni yako?"

"Ni ya nani basi?"

"Nilikuuliza itashikwa na nani, ukanambia sisi. Sisi hana bega. Nimetengeneza bunduki miaka yangu yote, sijaona hata moja iliyopimwa kwa mti. Hupimwa mtu." Akavuta kigoda, safari hii nikaketi bila kuambiwa. "Nilikuja kwenu Jumanne. Wewe ulikuwa umekwenda kisimani. Nilimkuta mamako anachanja kuni, mkono mfupi kuliko wako, na shoka amelishika kwa kushoto."

Nilihisi uso wangu umepata moto. Mama ni wa shoto. Kula hula kwa mkono wa kulia, kusalimia hivyo hivyo, maana alipokuwa mdogo kwenye chuo cha Kurani alikuwa akipigwa rula ya vidole mpaka akazoea. Lakini jembe, shoka na mchi havikupata mwalimu. Mimi nimekaa naye miaka yangu yote, na siku ile ya kuagiza jambo hilo halikupita hata karibu na kichwa changu.

"Lakini fundi, ni mti tu. Hailii. Kushoto ama kulia, nyani atajuaje?"

"Nyani haogopi mti. Aogopa mtu anavyoushika. Mtu akiinua kitu ambacho si chake, viwiko vyapepesuka, kichwa chatafuta pa kukaa. Nyani yuko pale kwenye kichuguu aona mwanamke aliyebeba kuni. Kikimkaa sawa, mtu hubadilika mgongo. Hicho ndicho nilichochonga."

"Na kama hawatakimbia?"

"Hapo sina dhamana. Mimi si nyani." Hakucheka, na mimi pia sikucheka. Kisha akasema polepole, "Nilimuuliza mamako kama binti yuko nyumbani siku zote, nijue nipime wangapi. Akanambia, yuko mpaka Jumatatu."

Mpaka Jumatatu. Mama alikuwa amelisema kwa mgeni aliyepita njia kama mtu anayetaja siku ya soko. Na mimi, nilipokuwa nikipima kwa mkono wangu, nilikuwa nikijiona mimi mwenyewe ndani ya mahindi, msimu huu na msimu ujao. Barua iko chini ya godoro, na moyoni nilikuwa nimeshakataa kwenda bila kumwambia mtu, hata nafsi yangu. Nilimwomba fundi radhi. Akasema hakuna neno, akaendelea na randa yake.

Nilifika nyumbani alasiri. Mama alikuwa ametoka kusali, mikono ingali na maji ya udhu. Nikampa bunduki. Safari hii aliishika. Akaipandisha, na nikaona inavyokwenda yenyewe upande wa kushoto, shavu likalala ndani ya kibonde kama limekuwa likilala hapo siku zote. Mabega yakatulia. Kwa muda mfupi nilimwona mtu nisiyemjua, na niliogopa.

Aliishusha. "Kwa hivyo alikwambia."

"Alinambia."

"Basi."

"Mama, itafanya kazi?"

"Mungu ndiye ajuaye." Akaipangusa kwa ncha ya leso, akaiegemeza ukutani karibu na kitanda chake, mahali ambapo baba alikuwa akiweka panga. Hakulia. Alikwenda kuwasha moto.

Nilikaa uani mpaka giza likaingia, nikafikiri vizuri kwa mara ya kwanza wiki ile. Nikishuka naye shamba, nikisimama pembeni yake hata siku moja, yule dume atatuhesabu wawili, na sitapata kujua kama mmoja atosha. Mama naye hatajua. Kwa hivyo niliazimia kwamba kesho yake asubuhi ashuke peke yake. Mimi nitabaki nyumbani, nitafua nguo za kwenda nazo Msambweni na kuzianika, na hata nikimsikia akiniita kutoka kwenye mahindi, sitatoka.