Siku Nilipoimimina Kahawa ya Ukweni Mfukoni

Nikisema nimeisahau siku ile ya Kibingo, kijijini kwa wakwe zangu, nitakuwa nawadanganya, kwa sababu masikio yananiwaka moto mpaka leo, na mjinga wa mkasa huu si mwingine, ni mimi mwenyewe, mwalimu mzima.

Mimi ni mtu wa Mtwara, nafundisha shule ya Ndama, huku kwa Wanyambo, na nilitaka kumwoa Jovitha, ambaye wazazi wake hawakutaka mkwe asiyejua lugha yao, Kinyambo. Basi nikaweka kwenye simu programu ya kadi. (Niwaeleze taratibu, ni rahisi: upande mmoja neno, upande wa pili maana, ukilijua, simu inalificha siku kadhaa, kisha wiki, kisha mwezi, ukilikosa, kesho linarudi kukusumbua.) Miezi minne tu nikajiona profesa. Mwalimu mwenzangu Deusi, mzaliwa wa huku huku, akaniambia, "Ndugu yangu, twende wote ukweni, nikae pembeni nikuelekeze mambo." Nikambeua, "Mambo gani? Simu inasema nimebakiza kadi tano!" Nikamwacha pale mjini Omurushaka na sahani yake ya ndizi, nikapanda bodaboda peke yangu.

Kufika, nikawaamkia kwa Kinyambo safi, sebule nzima ikachangamka, mama yake Jovitha akaniita mwanangu. Kisha akanipa kwa mikono miwili kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa zikakaushwa. Kadi ya kahawa ninayo! Ya zawadi ninayo! Nikatoa sentensi ndefu bila kukwama, kwamba asanteni kwa zawadi hii, nitaipeleka kwetu, nikaimimina yote kwenye mfuko wa koti na kumrudishia kikapu kitupu.

Kumbe (na hili halikuwa kwenye kadi yoyote) mgeni huchukua punje chache, anatafuna, anampitishia kikapu aliye pembeni, mpaka wote waliopo wameonja. Ndiko kukaribishwa kwenyewe. Wazee walikuwa wamekwisha kunyoosha mikono.

Baba mkubwa wa Jovitha akauliza kwa Kiswahili, "Mwanangu, na sisi tutafune nini?"

Nikataharuki, nikaanza kuzichota punje na kuzirudisha, zikatoka na vumbi la chaki, peremende iliyolambwa nusu na tiketi ya basi. Nikasema sikujua, lakini kwa kiherehere changu nikalisema hilo nalo kwa Kinyambo kilichonyooka, na hapo ndipo nilipojimaliza.

"Hajui?" shangazi akaguna. "Anaongea kuwashinda watoto wetu wa mjini, halafu kahawa haijui? Huyu anatudharau, jamani."

Ningebabaika kama mgeni wangenihurumia. Jovitha aliinuka akaenda jikoni analia. Mama yake akasema, "Mwalimu," (si mwanangu tena) "rudi siku nyingine, uje na mtu mzima wa kukusemea."

Nilirudi wiki tatu baadaye nikiwa nyuma ya Deusi kama mbuzi wa kuuzwa. Mama mkwe akanihesabia punje tatu kiganjani, kama anayempa mtoto dawa. "Tafuna tukuone." Nikatafuna, nyumba nzima inanikodolea macho, mpaka shangazi aliposhindwa kujizuia akacheka, na Jovitha naye akacheka.

Nimemwoa. Programu sijaifuta, haina kosa, kosa lilikuwa la kichwa kilichodhani watu wanaishi ndani ya kadi. Siku hizi nikifika nyumba ya watu, jambo nisilolijua nauliza, na ninalodhani nalijua nauliza mara mbili.