Mtu Wetu na Yule Mwanamke

Kwetu, kwenye mlima unaoitazama Kalembe, wanawake walilima kwa zamu. Leo wote wanakwenda kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka kila mmoja awe amepanda maharage yake kabla mvua haijakolea. Mwenye shamba hakulipa kitu. Alipika tu: ugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo, na kama mume wake hakuwa mchoyo, kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Zamu hiyo ilikuwa na uzito kuliko ubatizo. Mwanamke aliyelimiwa na wenzake alikuwa mtu wa mlima ule, na ambaye hakulimiwa alikuwa mgeni, hata kama kitovu chake kilizikwa pale.

Jua likiwa utosini tulipumzika chini ya migomba, na nyanya yangu, mama mzaa baba, akasimulia. Nasema juu ya miaka ile baada ya vita ya pili ya Wazungu, nilipokuwa msichana wa kutosha kupewa jembe langu mwenyewe. Nyanya alikuwa mjane, mwembamba, mwenye ulimi ambao hata katekista aliuogopa. Hadithi yake ilikuwa moja kwa msimu mzima. Ilikatwa shambani kwa huyu, ikaendelea shambani kwa yule, na ilikuwa na desturi ambayo sijaikuta kwingine: mwenye shamba, kwa kuwa ndiye aliyepika, alikuwa na haki ya kuamua jambo moja. Nyanya aliwafikisha watu wa hadithi mahali pagumu, akanyamaza, kisha akamgeukia mwenye chakula.

"Mwenye shamba, unasema nini?"

Alichosema mwenye shamba ndicho kilichokuwa, hata kama nyanya mwenyewe alikiona cha kijinga.

Msimu ninaoukumbuka, hadithi ilikuwa ya mume na mke. Nyanya hakuwapa majina. Mume, wanawake walimwita "mutu yetu". Walifika shambani umande haujakauka, jembe begani, na kabla ya kusalimia waliuliza, "Mutu yetu alilala wapi?" Mke walimwita "ule mwanamuke". Hakuna aliyewafundisha kusema hivyo. Leo nadhani hukumu ilikuwa imeshatoka hapo, kabla hata ya kosa.

Mtu wetu alikuwa mwongo na mvivu. Alimchinja ng'ombe ambaye mdogo wake aliwekewa kwa ajili ya mahari, akamla na rafiki zake, kisha akaapa kwamba ni chui. Aliacha mke na watoto, akashuka Walikale, akamdanganya kapita, msimamizi wa vibarua wa barabara, akaoa huko mke wa pili, na wa tatu. Kila shamba tulilofika lilimwokoa. Alipokaribia kufa maji, mwenye shamba aliamua mti uanguke uwe daraja. Kapita alipomfunga kamba, mwenye shamba mwingine aliamua kapita alewe. "Mutu yetu iko na akili," walisema, wakipangusa machozi ya kicheko. Nyumbani walikuwa na waume wa namna ile ile, na huko hawakucheka.

Na mke? Njaa ilipowashika watoto, alichinja kuku wa mume wake, akawapa watoto, naye akala paja. Basi. Wakati ule kwetu mwanamke hakula kuku. Wamisionari walisema si dhambi, mama zetu wakaitikia ndiyo, na bado hawakula. Kwa paja lile mlima mzima ulimgeuka. Halafu, mume hajarudi, mke alifunga kikapu chake akaondoka, na hilo ndilo hawakulisamehe kabisa. Mwenye shamba mmoja aliamua apotee msituni. Mwingine aliamua mguu umvimbe. Mama mmoja mpole, aliyeongoza nyimbo kanisani kwa sauti ya kutoa machozi, aliamua kila chungu atakachopikia kipasuke.

Nilimuuliza mama yangu tukirudi nyumbani.

"Mama, mutu yetu alikula ngombe muzima. Ule alikula paja tu."

"Mwanaume anakula," mama alijibu, akabadilisha jembe bega.

Ni jibu. Nimelitafuna maisha yangu yote na bado lina mifupa. Wajukuu wangu siku hizi, pale Kitshanga, wanakodolea macho filamu kwenye simu zao, nami huketi karibu nikijifanya nasinzia. Mwanaume wa filamu akiwachoma watu nyumba zao, wanasema masikini, aliumizwa alipokuwa mtoto. Mwanamke wa filamu akimjibu mama mkwe, wanasema huyu ana roho mbaya, na wa kwanza kusema ni wasichana. Hapo mimi hukohoa kwa nguvu, wanadhani ni kifua.

Sasa niseme kwa nini hadithi ile ilinikaa rohoni. Shangazi yangu, mtoto wa mwisho wa nyanya, alikuwa ameolewa Ngungu kabla sijazaliwa. Mvua za kwanza za msimu ule zilipoanza alirudi kwetu kwa miguu, kikapu kichwani, jino moja la mbele halipo. Hakueleza mengi, jino lilieleza. Nyanya alikuwa mlangoni akichagua mbegu za maharage. Hakuinuka.

"Ulikosa njia?" alimuuliza, majirani wakisikia. "Kwa bwana yako njo kwako. Huku ulishatoka."

Akaendelea kuchagua maharage. Shangazi aliweka kikapu chake jikoni, akalala huko pamoja na mbuzi, na asubuhi hakuna aliyemwambia ahame wala akae. Baba yangu, kaka yake, alisema jambo moja tu: kupanda kukiisha, mume atakuja na wazee wake kumchukua, naye atamrudisha kwa heshima. Baba hakuwa mtu mkatili. Lakini ng'ombe wa mahari ya shangazi ndio aliomwolea mama yangu, na ng'ombe hao hakuwa nao tena wa kurudisha. Mimi nimezaliwa kwa ng'ombe wale, kwa hiyo siwezi kumsema sana.

Mama yangu aliyajua hayo kuliko sisi wote. Alimkatia shangazi kipande cha shamba karibu na kijito, apande maharage apate chakula chake. Nadhani hakuwaza zaidi ya chungu. Ila kipande kikishakuwa cha mwanamke kina zamu, na zamu haiulizi mwenyewe alikujaje. Asubuhi moja wanawake waliteremka na majembe hadi kijitoni, wengine kwa moyo, wengine kwa sababu walitaka kujua mtu wetu alilala wapi. Shangazi alikuwa ameshapika. Sombe yake ilikuwa na mawese, na hata waliokuja wamenuna walipangusa bakuli kwa kidole.

Nyanya alisimulia mahali tulipofika: mtu wetu amechoka huko Walikale, wake zake wapya wamemkimbia, yule mwanamke yuko msituni na mguu wake. Akanyamaza. Wote tulijua nani alikuwa mwenye shamba. Nyanya hakumtazama binti yake, alitazama majembe.

"Mwenye shamba, unasema nini?"

Mimi nilitamani aseme mtu wetu aliwe na chui, chui wa kweli safari hii. Naamini wengi walitazamia hivyo, na walikuwa wamejiandaa kumcheka. Shangazi alizungumza polepole, mkono mbele ya mdomo, kama alivyozoea tangu arudi.

"Sitaki mutu akufe. Nataka barudie nyumbani, bote babili, siku moja. Kila mumoja kwa mama yake."

Wanawake walipumua. Hukumu hiyo ilikuwa nyepesi kuliko walivyoogopa. Nyanya naye alikunjua miguu, akamrudisha kwanza mtu wetu, na sijawahi kumsikia akisimulia vizuri vile. Mama yake alimwona akiwa bado upande wa pili wa bonde. Akatupa kuni chini, akakimbia kama msichana, akamshika uso. Hakumuuliza ng'ombe, hakumuuliza watoto. Baba yake akafungua mbuzi. Maji ya moto yakaletwa, akanawishwa miguu, na usiku kucha watu walicheza. Chini ya migomba wanawake walipiga makofi, na mama mwimbaji wa kanisa alijifuta macho.

"Na muke?" shangazi aliuliza.

"Muke naye alifika kwabo," nyanya alisema, bado mdomo ukiwa na utamu. "Mama yake alikuwa mulangoni, anachagua..."

Akakatika.

Jirani mmoja alidhani amesahau, akamsaidia. "Akamuambia, ulikosa njia?"

"Kwa bwana yako njo kwako," mwingine alimalizia akicheka, na wawili watatu wakacheka naye, halafu kicheko kikawafia mdomoni mmoja baada ya mwingine. Maana walikuwa wamesimama pale siku ile, kwenye uzio wetu, nao waliyasikia maneno hayo yakitoka kwa nani. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nyanya alikuwa ameutupa msimu mzima, na sasa alimwona nguruwe mwenyewe ameketi mbele yake, ana jina alilompa yeye.

"Mumuache mama aseme," shangazi alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Hadisi iko yake."

"Sijue," nyanya alisema. "Sijue mama yake alisema nini."

Nyanya ambaye alijua chui aliwaza nini na kapita aliota nini. Aliinuka, akachukua jembe, akarudi kulima mapumziko hayajaisha, na sisi tukamfuata. Tulimaliza kipande kile. Kesho yake, kwenye shamba lingine, walimwomba aendelee, akasema koo linamuuma.

Mume wa shangazi alikuja Jumapili, ibada imekwisha, na wazee wake na mitungi ya kasiksi, wakaketi mbele ya nyumba. Asubuhi hiyo baba alikuwa amemwambia dada yake afunge kikapu. Alikifunga, akaketi nacho uani, juu ya jiwe la kusagia, akiwa tayari.

Nilitaka mume yule awe na uso wa kutisha. Hakuwa nao. Alikuwa mtu wa kupendeka, sikatai. Alieleza jinsi walivyoteleza kwenye matope ya Ngungu, jinsi mzee mmoja alivyokaa chini na mtungi kifuani asimwage hata tone, akamwigiza, na baba yangu alicheka hadi akashika mbavu. Wanawake waliokuwa wakichungulia kwenye uzio walicheka pia. Nilisikia mmoja akinong'ona, "Bwana muzuri hivi, alikimbia nini?" Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kucheka. Kisha nikamwona shangazi juu ya jiwe lake. Midomo aliibana kabisa, pengo lisionekane, na macho yake hayakuwa kwa mume. Alikuwa anamtazama mama yake.

Nyanya aliketi chini karibu na mlango, mahali pa wanawake wakati wazee wanapozungumza. Mzee wao alikuwa anafika kwenye maneno matamu, kwamba nyumba bila mke ni jiko bila moto, kwamba kilichopita kimepita. Baba aliitikia kwa kichwa. Hapo nyanya aliinuka katikati ya maneno ya mwanaume, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwetu, akapita mbele ya wazee wote, akaenda uani. Alimwinamia binti yake. Nilidhani anamuaga. Aliivuta kamba ya kikapu kwa meno, hadi fundo likaachia.

"Mama," baba aliita, "bakwe banaangalia."

"Baangalie. Bakunywe pombe yabo, barudie." Hakupandisha sauti. Alikitia kikapu kwapani, akamshika binti yake mkono, akapita naye mbele ya mume, ambaye bado alikuwa na tabasamu la kile kichekesho cha matope na hakujua alipeleke wapi. Hakumpeleka jikoni kwa mbuzi. Alimpitisha mlango mkubwa.

"Ingia," alimwambia. "Chakula inapoa."

Shauri la ng'ombe lilimzeesha baba, na kuna wanawake waliomnunia shangazi mpaka wakazikwa. Hayo yote yalikuja baadaye. Shangazi alikuwa amekaa nasi tangu mvua za kwanza, lakini kwao alifika Jumapili ile.