Butoni ya Redio ya Baba

Mama alipotoka kupasuliwa macho, hakutaka tena kula na siye. Taa yetu ya mapile, yaani betri, ilikuwa kali, ilimuchoma. Kila jioni alibeba sahani yake ya sombe ya majani ya muhogo na kwenda kula chumbani, katika giza. Dokta alisema macho yatazoea polepole. Polepole mpaka lini? Mimi si mtu wa kungoja, na meza bila Mama ilinichosha roho.

Nafundisha fizikia shuleni hapa Ngezi. Kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba umeme unaweza kupunguzwa kama maji ya bomba kwenye robine. Haya basi, Mwalimu, punguza tuone!

Nilikuwa na transista kuukuu, kile kidude cha kuongoza umeme, vipande vya waya na mapile matatu. Kilichokosekana ni butoni ya kugeuza. Nilizunguka soko zima bila kuipata. Niliporudi, macho yangu yakaangukia redio ya Baba, iliyokuwa kimya wiki mbili juu ya kabati. Nikajiambia: hii imekufa, na maiti haiombwi ruhusa. Nikang'oa butoni yake ya volime, ya kupandisha na kushusha sauti, nikapasha chuma kwenye mbabula, jiko letu la makaa, nikaunga waya: butoni inaiamuru transista, transista inaipa taa umeme kidogo ao mwingi. Nikageuza. Taa ikafifia taratibu, bila kuzimika. Nilijipigia vigelegele mwenyewe!

Baba akaingia na mapile mapya mkononi.

"Redio yangu iko wapi?"

Kumbe ilikuwa na njaa tu! Niliiunga mbio mbio bila butoni. Ikaamka ikipiga kelele kwa nguvu zake zote, majirani wakasikia habari bila kuomba.

"Weye mutoto! Sasa nitaipunguza na nini?"

 Jioni, Baba akiwa bado amenuna, niliweka taa mezani, nikamuita Mama. Alikuja amefunika macho kwa kiganja.

"Geuza mwenyewe, Mama."

Akaishusha mpaka chini. Akapandisha kidogo, akapandisha tena. Kiganja kikaanguka. Akamuangalia Baba, ambaye Mama kwa miaka alikuwa akimuona kama ukungu tu.

"Yesu wangu! Muzee, kumbe nywele yote imekuwa nyeupe!"

Baba akasahau redio. Akanyosha mkono kwenye butoni, mwenye haya kama bwana harusi.

"Hii taa iko kali sana. Tuipunguze."

Mama akaushika ule mkono.

"Iache. Niko nakuangalia."