Siku Nyamizi Aliponishika Kiunoni

Wazee wangu, shikamooni. Wengi wenu hapa Ipuli mnanijua kama Mama Kulwa, mshonaji wa sare za kwaya. Siku hizi sishoni. Nimeombwa niwaeleze kwa nini, na nitaeleza yote, hata yale yanayonitia aibu.

Nyumba yetu aliijenga baba mkwe zamani, alipokuwa akifanya kazi relini. Kuta nene, bati la zamani, na umeme aliouingiza mwenyewe enzi hizo. Nimezaa watoto wanne humo, na nyaya hazikuwahi kuguswa. Nikiwasha pasi, taa ya sebuleni ilififia. Ukigusa friji una miguu iliyolowa, lilikutekenya. Watoto walisukumana, "Liguse wewe!" Na mimi nilicheka nao.

Mwaka ule Kulwa, mwanangu wa kwanza, alikuwa anaoa. Mume wangu akamwita fundi Maganga aongeze taa ya uani kwa ajili ya wageni. Fundi alipanda darini, akashuka na kipande cha waya mkononi. Akakikunja mbele yetu. Mpira wake ukapukutika kama ganda la karanga.

"Mama, siwezi kuongeza taa juu ya hizi. Zimeoza zote. Kwenye fyuzi mmeweka waya mnene, kwa hiyo hata kukitokea hitilafu umeme haukatiki. Na nyumba haina ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini ukivuja. Nipeni siku nne niweke nyaya mpya."

"Utatoboa kuta?"

"Lazima."

Nilikuwa nimemaliza kupaka rangi juzi yake tu. Mume wangu akanitazama, akingoja neno langu. Nikasema, "Baada ya harusi, fundi. Mbona taa zinawaka?"

Neno hilo ni langu. Sikusukumwa na mtu.

Wiki ya harusi wifi yangu Nyamizi, dada wa mume wangu, alitoka Sikonge kuja kunisaidia, na ndoo nzima ya asali. Alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti. Akifika kwetu, mtaa mzima ulijua.

Siku ya tatu mvua ilinyesha tangu alfajiri. Ilipokatika nikatoka uani kuanika vitambaa vya meza. Waya wa kuanikia ulikuwa wa chuma, umefungwa kwenye msumari wa bati. Nilivaa ndala. Ardhi ilikuwa tope.

Nilishika waya kwa mkono wa kulia, na mkono ukajifunga wenyewe. Watu hudhani umeme hurusha. Huu ulinishika. Meno yalibanana nikauma ulimi, kifua kikakaza, pumzi haiingii wala haitoki. Lakini macho yaliona. Nilimwona Nyamizi akitoka jikoni mbio, miguu mitupu.

"Wifi! Wifi, una nini?"

Nilitaka kumwambia asiniguse. Ulimi haukutii.

Akanishika kiunoni kwa mikono yote miwili.

Nilizinduka hospitalini. Mume wangu aliniambia kwamba alikimbilia meni swichi, ile inayokata umeme wa nyumba nzima, na alipoishusha ndipo tulipoanguka. Kwenye kiganja nilikuwa na shimo jeusi, dogo kama sarafu, na jingine kisiginoni. Mkojo ulitoka wa kahawia kama chai ya rangi. Nilidhani nimeponea chupuchupu, maana vidonda vyenyewe vilikuwa vidogo. Daktari, mama wa makamo, akatikisa kichwa.

"Umeme huunguza ndani, mama. Misuli iliyokufa inaziba figo, ndiyo maana tunakutundikia dripu nyingi. Na vidole hivi viwili, siwezi kukuahidi kitu."

Siku ya sita kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vimekuwa vyeusi. Vilinuka nyama iliyoachwa juani, na harufu hiyo ilikuwa yangu. Wakavikata.

Kila siku nilimuuliza mume wangu, "Nyamizi mbona haji?"

"Yuko na wageni nyumbani," alijibu, akigeukia dirishani.

Baada ya kukatwa vidole nikauliza tena. Safari hii hakugeuka.

"Mama Kulwa, Nyamizi tumemzika Sikonge. Hakuzinduka."

Wageni walioalikwa harusini ndio walioenda kuzika.

Nilipotoka hospitalini fundi Maganga alikuja kunieleza. Waya wa darini ulisuguliwa na ncha ya bati mpaka ukabaki mtupu. Bati lote likawa na umeme, na waya wa kuanikia pia. "Ndala zilikukinga kidogo," alisema. "Marehemu alikuwa peku kwenye tope." Akavua kofia.

Alitoboa kuta zote, na rangi yangu ikaenda. Akaweka nyaya mpya, ethi, na sakiti breka inayokata umeme unapovuja. Hata hivyo nilikaa miezi siwezi kugusa swichi. Jioni niliketi gizani hadi mtu aingie awashe. Nilijifunza upya kushika kijiko. Vidole ambavyo havipo viliniwaka moto, na mpaka leo huwaka.

Mama mkwe hakukanyaga kwangu tangu msiba. Mwezi wa saba nikamfuata Sikonge. Nilipiga magoti, "Shikamoo, mama." Aliitikia bila kuinua uso.

"Nimekuja kusema," nikamwambia. "Fundi alituonya. Aliyekataa ni mimi."

Akainua uso. "Mwanangu aliniambia aliyekataa ni yeye."

Sikuwa nikijua. Miezi yote ile mume wangu alibeba lawama yangu mbele ya mama yake, wala hakunitajia.

"Ni mimi, mama."

Alitazama mkono wangu. "Kusamehe nitajaribu," alisema. "Kusahau usiniombe. Lakini nyumba kama ile ziko nyingi. Kawaambie watu."

Ndiyo sababu nasimama hapa. Namshukuru Mungu, nawashukuru wauguzi walionigeuza kitandani na mume wangu aliyenibebea lawama. Ninyi mlio kwenye nyumba za urithi, bati au friji likiwatekenya, msicheke. Mwiteni fundi anayejulikana, na akisema kutoboa ni lazima, mwacheni atoboe. Fyuzi ikiungua, usiweke waya wowote unaouokota. Waya wa kuanikia nguo usifungwe kwenye bati. Na ukimwona mwenzako ameshikwa na umeme, usimguse, hata akiwa mwanao. Kimbilia meni swichi kwanza.

Leo sikuja peke yangu. Mama yake Nyamizi ndiye yule aliyeketi benchi la mwisho, mwenye kitenge cha bluu. Mkitoka, mpeni pole. Bado anaihitaji.